Djamila Aikataa Verni

Jirani yangu Djamila anauza mikate hapa Kasongo. Meza yake ya kukandia ilianza kunywa maji na kupasuka, naye akaogopa kuipoteza. Seremala Ayoubu akamletea kopo la verni, rangi ya kung'arisha mbao.

"Mama, itang'aa kama kioo!"

"Verni iko ya masanduku ya maiti, baba. Mikate yangu inakuliwa na wazima."

Akayeyusha nta ya nyuki, akaisugua kwa kitambaa kufuata nyuzi za mti. Meza ikashinda juani ikiinywa. Zamani kila nyumba ilijua kazi hii. Leo watu wanajua kung'arisha tu.

Asubuhi maji yaliteleza juu yake na unga haukunata. Djamila akaniletea mkate wa moto. Namshukuru: ulinukia mkate, si duka la rangi.