Mfuko wa Vumbi Uliokuwa Ukipumua

Mwezi wa Mei mwaka wa 1973 nilimpoteza mume wangu, Baba Nekesa. Alikufa hospitalini kwa pumu, mvua ikinyesha, mimi nikiwa nimeshika kikombe cha chai aliyokuwa ameniomba. Haya ninayoandika yalikuja baada ya hapo, katika nyumba yetu ya mtaa wa Woodley, Nairobi, na yalinitokea mimi mwenyewe, si jirani yangu wala binamu ya mtu. Sikusoma sana, niliishia darasa la sita, kwa hiyo sijui kupamba maneno. Nitaeleza nilivyoona. Ukitaka kunicheka, nicheke, lakini kwanza nisikilize mpaka mwisho.

Nianze na mashine, maana bila hiyo hakuna kisa.

Mume wangu alikuwa karani serikalini. Tulipopewa nyumba ile tulikuta Mzungu aliyehama ameacha kapeti la kijani, limepigiliwa misumari sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta. Watu walituonea wivu. Lakini kapeti la namna hiyo huwezi kulitoa nje ukalipiga fimbo. Ukilifagia, vumbi linapanda, linaelea kwenye jua la dirishani, kisha linashuka palepale lilipotoka. Na kabla halijashuka linapitia kifuani mwa mtu. Kila nilipofagia, Baba Nekesa alikesha ameinama kitini, mikono magotini, kifua kikipiga mluzi mwembamba kama birika linalokaribia kuchemka. Hakuwa na pumzi ya maneno mengi. Aliniambia tu, "Nifungulie," nami nikafungua dirisha.

Daktari ndiye aliyetuambia tutafute mashine ya kufyonza vumbi. Tukaenda mjini Jumamosi, katika duka la vitu vya umeme kule Government Road. Mwenye duka, Mhindi mnene mwenye mzaha, alituonyesha mbili. Moja ililala chini kama mbwa, ina mpira mrefu, na vumbi lake liliingia katika mfuko wa karatasi. Ukijaa, unautupa na kununua mwingine. Ya pili ilisimama wima, na kwenye mpini wake ulining'inia mfuko wa kitambaa kizito cha kijivu. Alimwaga majivu ya sigara juu ya kipande cha kapeti, akawasha ile ya kusimama, na majivu yakatoweka.

"Ona, mama! Hii nakula vumbi kuliko mimi nakula chapati."

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. "Na ikishiba?"

"Ikishiba, fungua chini hapa, mwaga shambani, rudisha. Mfuko moja, maisha yote."

Mimi niliipenda ile ya kulala kwa sababu kelele yake ilikuwa ndogo. Baba Nekesa alitaka ya kusimama. Alisema mifuko ya karatasi itakuja kukosekana dukani, na tena yeye anataka kuliona vumbi lake likimwagwa kwa macho yake. Tukaibeba hiyo. Nilijifunza kuitumia taratibu: usiuache mfuko upite nusu, la sivyo unapuliza vumbi jembamba kurudi chumbani, ukiumwaga, upepo uwe mgongoni mwako, na nywele zinazojisokota kwenye brashi uzikate kwa wembe. Tangu hapo mume wangu akawa analala usiku. Niamini, niliipenda mashine ile kama mtu anavyompenda ng'ombe wa maziwa. Lakini mvua za mwaka ule zilileta baridi, na baridi haina mashine.

Alipofariki, watu wa ofisini na wa kanisani walijaa kwetu kila jioni, kila mmoja na matope yake mekundu. Sasa sikiliza. Sisi tunatoka magharibi, na kwetu nyumba ya aliyefariki haifagiwi. Vumbi linaachwa lilivyo, kwa sababu ndani yake mna nyayo zake za mwisho. Anazikwa, watu wake wananyolewa nywele, ndipo dada yake anashika ufagio wa kwanza na kulitoa vumbi nje ili naye atoke nalo. Hili nililijua tangu utoto.

Asubuhi ya kusafirisha mwili, jirani yangu Mama Wanjiru alikuja kunisaidia kupika. Akasimama mlangoni akatazama chini.

"Mama Nekesa, mkubwa wa ofisi anakuja kuaga hapa, na hii kapeti ni kama boma la ng'ombe!"

"Kwetu hatufagii mpaka tumalize."

"Nani amekuambia ufagie? Hiyo mashine ni ufagio? Vumbi lenu haliendi popote. Linakaa tu hapo ndani ya mfuko, mnalikuta mkirudi."

Nilifikiri, nikaona anasema kweli. Sikuwa nimelala kwa siku nyingi. Nikachomeka plagi na kuipitisha mashine kwenye kapeti lote, hasa pale mbele ya kiti chake. Kisha nikaifungia mashine kabatini, tukaondoka kwenda kuzika.

Kule nyumbani kila kitu kilifanywa kama inavyotakiwa. Tulinyolewa. Wifi yangu Rispa, dada yake mkubwa, akaifagia nyumba ya kijijini na kulimwaga vumbi kwenye migomba. Nyumba ya Nairobi hakuna aliyeitaja. Nani angeikumbuka?

Tuliporudi Woodley mimi na Nekesa, mtoto wa miaka minne ambaye hakuwahi hata kukohoa, usiku wa kwanza kifua chake kilianza kupiga mluzi. Mluzi uleule. Nilimpeleka kwa daktari, nikapewa dawa, isisaidie. Nikajiambia ni vumbi la nyumba iliyofungwa. Nikaitoa mashine, nikafyonza kapeti. Usiku ule akazidiwa. Kesho yake nikafyonza tena, vitanda, mapazia, kila kitu. Akazidiwa zaidi, midomo ikaanza kuwa ya buluu. Unaona nilivyokuwa nikifanya? Kila nilipotaka kumwokoa nilikuwa nikimkaba. Nikatuma ujumbe kwa Rispa, ambaye naye anaishi Nairobi, mtaa wa Kawangware, kwamba mtoto ananiponyoka, aje.

Jioni ya siku hiyo, taa bado sijaziwasha, nilikuwa nimetoka kulifyonza kapeti. Mwenye kapeti anajua: mashine ikishapita, manyoya yanalala kwa mistari, na mguu wowote ukikanyaga unaonekana. Nilirudisha mashine kabatini, nikaingia jikoni kuchemsha maji ili mtoto avute mvuke. Niliporudi na sufuria nilikuta nyayo.

Zilikuwa nyayo za mtu asiyevaa viatu. Kubwa. Wa kushoto umegeukia nje, kama mguu wa mume wangu ulivyogeuka tangu alipoanguka na baiskeli. Zilianzia kwenye kabati, zikaenda mpaka mbele ya kiti chake. Hapo ziliishia.

Niliweka sufuria chini. Nikasikia mluzi wa Nekesa chumbani. Kisha nikasikia kwamba si mmoja. Mmoja ulitoka chumbani, wa pili ulitoka kabatini, na ilikuwa ikienda pamoja, inapanda pamoja, inashuka pamoja.

Kwa nini nilifungua kabati? Nimejiuliza mara nyingi. Ni mtoto wangu, nadhani. Nilifungua. Mashine ilisimama pale, waya umezungushwa kwenye mpini, plagi inaning'inia. Na mfuko ulikuwa ukipumua. Ulijaa polepole, ukatetemeka, ukatoa mluzi, ukanywea. Halafu ukajaa tena, kwa shida, kama kifua cha mtu anayepanda kilima.

Nilirudi nyuma bila kugeuka. Nyuma yangu kitu kikalia, kama springi za kiti zinavyolia mtu akijisogeza.

Alikuwa amekaa. Siwezi kusema niliuona uso, maana aliinama, mikono magotini, kama alivyokaa usiku wa kuumwa. Nililiona shati tulilomzika nalo. Mabega yalipanda na kushuka pamoja na ule mfuko.

"Nifungulie," akasema.

Nilikwenda dirishani. Miguu yangu ilikwenda yenyewe, kwa mazoea, nikalifungua wazi. Akatikisa kichwa. Hakuniangalia. Akanyoosha mkono, akaonyesha kabati.

Hapo lazima niseme ukweli. Niliogopa sana, lakini kulikuwa na kitu kingine. Nilijua kwamba nikiufungua mfuko ule, ataondoka. Nilisimama. Sijui nilisimama kwa muda gani. Kisha mluzi wa chumbani ukakatika katikati, ukabaki ule wa mfuko peke yake, na hapo nilipiga ukelele.

Mlango wa mbele ukasukumwa. Alikuwa Rispa, na kikapu chake. Hakukiona kitini nilichokiona mimi, ila mfuko aliuona. Kikapu kikamtoka.

"Hilo ni nini, wifi? Mbona linapumua?"

"Nilifyonza kapeti siku ya msiba. Kabla ya kunyolewa. Vumbi limo ndani."

Alinitazama kama anayetaka kunipiga kofi. "Wewe mwanamke wa mjini! Umemfungia ndugu yangu kwenye gunia kama mkaa? Toka hapo. Usiguse. Ni mimi wa kulitoa!"

Akaikumbatia mashine, akaikokota hadi nyuma ya nyumba, mimi nikimfuata na Nekesa begani, kichwa kikining'inia, mwili umelegea. Rispa akaigeuza mashine juu chini, akaipiga makofi, akaivuta mpini.

"Inafunguliwa wapi kitu hii?"

"Chini, wifi. Kuna chuma, kibonyeze."

"Chuma gani? Ina machuma mia!"

Mimi nikapiga magoti, mtoto begani, nikashika mkono wake na kumwekea kidole mahali penyewe. Akabonyeza. Kwa haraka ile hakuna aliyekumbuka upepo.

Vumbi halikumwagika. Lilitoka kwa mkupuo mmoja mrefu, wa moto, kama pumzi ya mtu aliyeachiliwa shingo, likanipiga usoni mdomo ukiwa wazi. Nikalimeza. Lililobaki Rispa alilifagia kwa ufagio wa njiti kuelekea upande jua linakotua, akimwita ndugu yake kwa jina la utotoni na kumwambia aende, mama yao anamngoja, na ya hapa yameisha.

Begani kwangu Nekesa akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akaomba maji.

Tulipoingia ndani na kuwasha taa, kiti kilikuwa kitupu. Kwenye kapeti nyayo zilikuwa zimeendelea kutoka kitini, zikapita jikoni, zikatoka mlango wa nyuma. Rispa aliziona. Muulize, bado yuko Kawangware. Hakulala kwangu usiku ule, na tangu siku hiyo tukizungumza hunipokea nje, uani.

Nekesa alipona usiku uleule na kifua hakijamsumbua tena. Mashine niliiuza kwa fundi wa River Road, baada ya kuuosha mfuko kwa maji ya moto mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Lakini mimi, tangu jioni ile, nikilala napiga mluzi. Nimepigwa picha za kifua, nimepewa dawa za kila rangi. Madaktari wanasema mapafu ni safi.

Kwa hiyo ninakuambia wewe unayesoma, hasa wewe uliyenunua nyumba nzuri na kapeti. Nunua mashine, ni kitu kizuri, na umwage mfuko wake kila wiki. Lakini nyumba ikiwa na msiba, iache na matope yake. Wageni wakikucheka, wacheke. Usimsikilize anayekuambia kwamba vumbi likiwa ndani ya mfuko halijaenda popote. Ndiyo hatari yenyewe.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, nililala kidogo kwenye kochi. Niliamka nikamkuta Nekesa, ambaye sasa ni msichana wa shule, amepiga magoti nyuma yangu, ameweka sikio kati ya mabega yangu. Nilimwuliza anafanya nini. Akaniwekea kidole mdomoni ninyamaze.

"Usiongee, Mama," akanong'ona. "Utamwamsha."