Firigisi Iliyopiganiwa kwa Simu

Niliusikia ule umati kabla sijauona. Nilikuwa kibandani kwangu Kakamega mjini, nimeinamia jaketi la mwendesha boda ninayembadilishia zipu, naye ameketi kwenye benchi akibonyezabonyeza simu. Ghafla simu ikatoa kelele za watu wanaoshangilia, mdundo mzito ukipiga chini yake, na mtu akabamizwa ukutani kwa kishindo ninachokijua vizuri. Mguu wangu uliendelea kukanyaga pedali bila mimi. Nilipoangalia kazi yangu, nilikuwa nimeshona zipu na mkono wa jaketi kwa pamoja.

"Hiyo gemu umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Kwani fundi unaijua?"

Swali gani hilo! Mimi niliyewatia adabu wanaume wa soko zima kwa gemu hiyohiyo! Jina lake sina haja ya kulitaja, aliyeicheza ameshaitambua. Ni ile ya watu wa rap wanaochapana katikati ya duara la watazamaji, mikufu shingoni, suruali pana kama mapazia, na ukirushwa kwa watazamaji wanakushika, wanakushikilia kidogo upigwe vizuri, kisha wanakusukuma ndani tena. Tuliicheza kwenye mashine iliyounganishwa na televisheni, katika chumba cha mabati sokoni Malinya, karibu na kwetu, miaka ambayo nilikuwa bado navaa sare ya shule.

Yule bwana akanieleza kwamba siku hizi kuna programu inayoifanya simu ijidai kuwa ile mashine ya zamani. Vijana huiita emuleta. Basi mimi nikawa nafumua nyuzi, yeye akawa ananiwekea gemu, na kila mtu akaondoka ameridhika ingawa jaketi lilichelewa.

Wiki mbili nilicheza kila mteja alipochelewa kuja. Mwanzoni nilipigwa kama ngoma. Vitufe vyenyewe ni picha tu kwenye kioo, huvisikii chini ya kidole, na kidole gumba changu kimezoea kusukuma kitambaa. Simu nayo ilipata moto hadi ungeweza kunyoosha kola ya shati kwayo. Lakini siku ya nne au ya tano vidole vikaanza kukumbuka vyenyewe, na nikajikuta nacheka peke yangu kibandani kama mtu aliyepewa habari njema.

Ni lazima niseme jambo moja: ushonaji nilianza kwa sababu ya gemu hii. Ndugu yangu, ninayemzidi miaka miwili, alitaka suruali pana kama za wale wapiganaji. Nikachana jinzi yake pembeni, nikaongeza vipande vya sketi yangu ya shule iliyokuwa imenibana. Alitembea nayo sokoni akiyumba mabega, sketi yangu ikipepea miguuni pake, na watu wakaanza kuuliza nani kamshonea. Hao ndio wateja wangu wa kwanza.

Kule chumba cha mabati sheria ilikuwa fupi: mshindi anabaki, aliyeshindwa anaamka kumpisha mwingine. Mimi nilikuwa msichana pekee, na Jumamosi nyingi sikuamka. Mpaka siku baba aliponikuta. Alikuwa ametoka kutazama fahali wakipigana, gambuti zina matope, fimbo mkononi. Nilikuwa nacheza na ndugu yangu, na nilikuwa nammaliza. Baba hakuangalia skrini. Alinitoa padi ya kuchezea mkononi, akaiweka kwenye benchi taratibu, akanishika kiwiko.

"Msichana wangu hawezi kupigana na wanaume," alisema, tukaenda.

Mimi nilikatazwa pale. Ndugu yangu alirudi kesho yake. Na huko akatangaza kwamba alinishinda, kwa sababu nilitoka uwanjani. Kwetu hoja hiyo haihitaji maelezo. Fahali wakipigana, anayegeuka akaondoka ndiye ameshindwa, hata kama alikuwa mbele tangu asubuhi. Muhula mzima wavulana walinipigia kelele njiani kwamba fahali amekimbia. Nilitabasamu, lakini iliniuma, na bado inaniuma nikiandika hapa.

Sasa tuje kwa firigisi, ambayo sisi huiita imondo. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya mkuu wa nyumba. Haiombwi, haionjwi jikoni. Baba aliila maisha yake yote, hadi mwaka jana magego yalipomwisha. Siku hiyo tulikuwa mezani. Aliitazama, akaiinua, akaiweka kwenye sahani ya ndugu yangu bila hata kusita. Mimi kifungua mimba nilikuwa nimekaa hapohapo. Kuku mwenyewe nilikuwa nimemleta mimi! Kipande cha nyama kilikuwa kidogo. Kilichonichoma ni kwamba mkono wa baba ulinipita kama kiti kitupu.

Kwa hivyo vidole vyangu vilipoiva, nilimpigia ndugu yangu simu.

"Jumapili uje nyumbani. Nimepata ile gemu."

"Ile ile?"

"Ile ile. Na tunachezea imondo."

Alicheka hadi nikaweka simu mbali na sikio. Akasema yeye huwa hapiganangi na waliokimbia uwanja. Nikamwambia aje na mdomo wake huohuo.

Nilinunua padi mbili ndogo zinazoungana na simu bila waya, maana watu wawili hawawezi kugombania kioo kimoja. Jumapili baada ya kanisa tukaegemeza simu kwenye chupa ya chai juu ya meza ya sebuleni, tukasogeza viti. Mama alikuwa jikoni na kuku. Tulikubaliana michezo mitatu, anayeshinda miwili anachukua.

Mchezo wa kwanza nilimpiga vizuri. Nilimtupa kwa watazamaji, wakamshika, nikamfuata. Ndugu yangu, baba wa watoto watatu, mtu anayesoma matangazo kanisani, alipiga meza akasema simu yangu ni ya Kichina. Hapo baba akatoka chumbani, akaburuta kiti chake, akakaa nyuma yetu.

"Ng'ombe yako ni gani?" aliniuliza.

"Huyu wa kofia, baba."

"Na hawa watu wanasukumanga kwa nini?"

"Ili mtu asitoroke."

"Ahaa," akasema, na kiti kikasogea. "Kumbe ni uwanja."

Kuanzia hapo hatukupata amani. Alitoa maagizo kama mwenye fahali: mpige ubavu, usimpe mgongo, mzungukie. Maagizo mengine yalikuwa kwangu, mengine kwa ndugu yangu, na hakuna mmoja wetu aliyejua ni lipi la nani. Mchezo wa pili ndugu yangu akaniangusha. Wa tatu tulikabana hadi sote wawili tulikuwa tumebakiza nguvu kidogo tu, kisha watazamaji wakampa chupa, akanipiga nayo kichwani. Mtu wangu wa kofia akalala chali.

Alinishinda kihalali. Nayaandika haya kwa sababu yeye atayasoma. Alizunguka sebule mara mbili akiyumba mabega kama zamani, tumbo sasa likitangulia, na mimi nikacheka kweli, ingawa moyoni nilikuwa nimenywea. Nilikuwa nimeitaka firigisi ile kuliko nilivyodhani.

"Mje mkule, kuku imeiva," mama akaita.

Mama akapakua. Firigisi akaiweka kwenye kisahani mbele ya baba, kama anavyofanya siku zote. Ndugu yangu tayari alikuwa amesogeza sahani yake karibu. Baba hakuigusa.

"Ile siku nilikuja kukutoa sokoni," akaniambia, "nani alikuwa mbele?"

Sikutegemea kwamba anaikumbuka. Nikamwambia ni mimi.

"Lakini alitoka uwanjani," ndugu yangu akadakia.

"Sijauliza nani alitoka. Mimi ndiye nilimtoa. Nauliza wewe, nani alikuwa mbele?"

Ndugu yangu akatazama ugali wake. Hadithi ya kunishinda ameisimulia miaka yote hii, hata kwenye harusi yake aliisimulia, mimi nimekaa pale na nguo niliyomshonea bibi harusi. Nilijua jinsi ilivyo vigumu kuirudisha hadithi kama hiyo.

"Alikuwa ananimaliza, baba," akasema mwishowe. "Nilikuwa nimebakisha ngumi moja."

Baba akaitikia kwa kichwa polepole.

"Ng'ombe ikikimbia, imeshindwa. Hiyo kila mtu anajua. Lakini ikivutwa kamba na mwenye ng'ombe, hiyo haijakimbia. Hiyo ni makosa ya mwenyewe."

Mama alikuwa ameshika mwiko hewani. Baba wetu hajawahi kutuomba msamaha kwa jambo lolote, na sidhani kama alijua kwamba ndicho alichokuwa anafanya.

"Lakini baba, leo nimeshinda mbili kwa moja!" ndugu yangu akalalamika.

"Ya leo tutaihesabu siku ya kuku ingine."

Akainua firigisi kwa vidole, akavuka nayo meza, akaiweka kwenye sahani yangu. Mimi nilipewa jina la mama yake, na tangu nikiwa mdogo, akiwa na furaha, huniita hivyo.

"Shika, mama," akasema. "Kula."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimepanga maneno ya kusema siku kama hii, mengine makali sana. Badala yake machozi yalinilenga, nikasingizia pilipili, na mama akasema kwa sauti kwamba yeye hawekangi pilipili kwa kuku.

"Si utanikatia kidogo?" ndugu yangu akauliza.

Sikumkatia. Niliitafuna yote, baba akiitazama midomo yangu kwa makini kama mtu aliye kando ya uwanja, ndugu yangu akitikisa kichwa, mama akicheka. Ilikuwa ngumu kidogo, na chumvi ilikuwa imepungua.