Joka Lililonilowanishia Omena

Jamani, kitabu kile nilikichukia tangu ukurasa wa kwanza. Mwanamume anageuka joka la mabawa linalotema moto, sawa, lakini mbona ananguruma kila akifungua mdomo? Akisalimiwa, ananguruma. Akiletewa chakula, ananguruma. Eti akamtambua mchumba wake kwa harufu kutoka ng'ambo ya milima saba! Nikanusa mikono yangu: omena tupu, wale dagaa wa ziwani. Hata hivyo sikukiweka chini.

Nilikuwa na miezi minne ya ndoa hapa Sindo, kando ya ziwa, na mama mkwe alikuwa bado ananipima kwa macho. Huku mke huitwa kwa jina la kwao, basi kwake nilikuwa Nyar Suna, binti wa Suna, mtu wa mjini asiyejua ziwa. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, aliniachia omena yake yote ikiwa imeanikwa juu ya nyavu.

"Nyar Suna, naenda kanisani. Fukuza ndege, na uangalie mawingu."

Nilifurahi nusura nicheze. Nilitaka sana aniamini.

Ndege nilifukuza. Mawingu, yawa! Nilikuwa nimefika pale yule mchumba ananyeshewa mlimani, na yule joka anamfunika kwa bawa lake. Machozi yalinitoka. "Mfunike vizuri, mjinga wewe!" nikamfokea. Matone yakaanza kugonga mabati. Nikasogea chini ya paa, nikafungua ukurasa mwingine.

Mama mkwe alirudi leso imemganda mwilini. Akaangalia omena, imelowa chapachapa, haifai tena ila kulisha kuku. Akaniangalia mimi, mkavu kabisa, kitabu kifuani. Masikio yaliniwaka kwa aibu.

"Mama, nilikuwa nasoma," nikasema. Uongo ungenisaidia nini?

"Unasoma nini cha kushinda omena?"

Nikamweleza yote, mingurumo, harufu, mpaka bawa. Alinisikiliza amekunja uso, kisha akaangua kicheko hadi akashika ukuta.

"Wuololo! Dume zima lina moto tumboni, na halikuja kunikaushia samaki?"

Kesho yake akaanika nyingine. Nilikimbilia fimbo ya kufukuzia ndege, akaninyang'anya. Nikajua basi, nimekwisha. Akavuta kigoda, akakaa akitazama ziwa.

"Leta kile kitabu, Nyar Suna. Nisomee kwa Dholuo. Mawingu nitayaangalia mimi."