Chumba cha Watu Wanne Melini

Ilikuwa mwaka ule soko lilipoungua. Hapana, nimekosea. Soko liliungua mwaka uliofuata, na wakati huo meli ilikuwa imeshakwenda na kurudi. Huu ulikuwa mwaka wa zile mvua zilizong'oa mabati, kila nyumba ikawa na kochi lililolowa, na Sponji akapata kazi kuliko wakati wowote wa maisha yake.

Sponji alikuwa fundi makochi. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini hata mkewe alilitumia kwenye makaratasi tu. Karakana yake ilikuwa banda lililoegemea ukuta wa ghala la saruji. Ndani kulikuwa na meza ndefu, cherehani nzito ya kushonea turubai, vipande vya sponji vilivyopangwa kama mikate, na viti vilivyovuliwa nguo, vimebaki mbao tupu vikingoja zamu. Alikuwa mtu wa kucheka huku misumari imemjaa mdomoni. Watu walimwonya kwamba ipo siku ataimeza, naye akawajibu, "Nikiimeza nitakuwa kochi, mtanikalia."

Zamani aliwahi kupata kibarua bandarini, kuvisha upya viti vya ukumbi wa meli ya watalii. Alifanya kazi ile kwa magoti. Kila alipotaka kukaa kidogo ajaribu kiti, msimamizi alimpigia kelele, "Fundi! Hapo si pa kwako." Kiti alichokishona mwenyewe! Tangu hapo kuna jambo likamganda rohoni. Alitaka siku moja akae kwenye kiti cha meli, meli yenyewe ikiwa inakwenda, mkewe upande huu, mabinti zake upande ule, na asiwepo wa kumwambia inuka. Gari hakulitaka, ghorofa hakuitamani. Alitaka hilo tu.

Basi mvua zilipompa senti mbili tatu, akapanda kwa wakala wa safari, ofisi iliyokuwa juu ya duka la dawa. Wakala alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kucha ndefu, akibofya mashine kwa pembe ya kidole. Akamtafutia chumba cha bei ya chini kuliko vyote. Kiko ndani kabisa, hakina dirisha, kinapakana na injini. Vitanda vinne, viwili chini na viwili juu.

"Ni cha watu wanne, baba," akamwambia. "Watano hapana, hata awe mtoto mchanga. Na ukishalipa, hela hairudi. Majina tu ndiyo unaweza kubadilisha, mpaka wiki ya mwisho."

"Nibadilishe nini? Hawa ndio watu wangu."

Akaandikisha yeye, mkewe, binti mkubwa aliyekuwa akisomea ususi, na kitinda mimba. Akashuka ngazi za pale mbili mbili, mtu mzima yule, na kipara chake.

Lakini nyumbani walikuwa watano. Wa tano alikuwa mama mkwe, ambaye tangu alipofiwa na mumewe alikaa chumba cha karibu na jiko. Alikuwa mama mwembamba, msafi, mwenye sauti ya chini iliyofika mbali. Hakuwahi kumtukana Sponji hata siku moja. Alimsifu tu. "Mkwe wangu hana makuu," angesema mbele ya wageni. "Hata shule hakutaka kuwasumbua walimu." Wageni wakacheka, na Sponji akacheka nao, maana utafanyaje?

Tena kila mtu alijua kwamba mama yule anaogopa maji. Mvua ikijaza mtaro wa mbele ya nyumba, haruki, atangoja mpaka upungue. Hata beseni la kufulia alilipitia mbali, kama mtu anayempitia mbwa asiyemjua.

Siku ile ile ya kulipa, Sponji alimweleza mkewe habari nzima. Mkewe alifurahi, akamshika mkono, jambo ambalo lilikuwa limeadimika. Siku chache zikapita. Halafu asubuhi moja, akifunga kitambaa kichwani aende kazini, kwenye chumba cha dobi cha hospitali alikokuwa akifua mashuka, mkewe akasema, "Baba watoto, mwambie na mama basi. Hata kwa mdomo tu. Atakataa, unamjua. Lakini asije akasema hakuambiwa."

Sponji akaona ni neno la busara. Heshima angeipata, shukrani angezipata, na gharama haikuwepo.

Jioni, wakila, akakohoa. "Mama, tumepanga safari ya meli sisi. Na wewe umo. Hatuwezi kwenda tukakuacha hapa kama chombo."

Mama mkwe akaweka kijiko chini. "Meli ya kwenye maji?"

"Ndiyo, mama. Maji mengi, mwisho wake huuoni." Hapo Sponji akatia chumvi kwa makusudi. "Na mawimbi yenyewe, nasikia, yanafika pale." Akaonyesha juu ya mlango.

Mama mkwe akautazama mlango. Akajifuta midomo, upande huu na upande ule. "Ahsante, baba. Mungu akuzidishie. Nitakwenda."

Kijiko cha Sponji kikabaki njiani.

"Bibi!" kitinda mimba akaropoka. "Mtaro tu unakushinda!"

"Mtaro una uchafu, mjukuu wangu. Bahari ni safi."

Tangu siku hiyo Sponji akaanza kazi ya kumtisha. Alimsimulia habari za watu wanaotapika mpaka nyongo. Alimsimulia injini inavyonguruma, mtu husikii hata dua yako mwenyewe. Mama mkwe alisikiliza kwa adabu, akichambua mchele. "Maskini," alisema. "Na bado wanakwenda. Basi lazima pawe pazuri."

Sponji akaona maneno hayatoshi, akaleta ufundi. Jumapili moja alisogeza meza na viti vya sebuleni, akachukua futi yake na chaki ya kukatia vitambaa, akachora kile chumba cha meli sakafuni kwa vipimo alivyopewa na wakala. Mlango huu, choo hiki, vitanda hivi, njia ya kupita ni hii, upana wa mtu mmoja tena wa ubavu.

"Mama, njoo ujionee mwenyewe," akasema. "Kaburi lina nafasi zaidi."

Mama mkwe akaja. Akavua ndala zake penye mlango wa chaki, akaingia, akajilaza kwenye kitanda cha chini cha ukutani, akajifunika shuka miguu. Kidogo hivi, akalala. Alilala mchana kutwa, usingizi wa mtoto, na watu wa nyumba ile wakapita kwa kunyata, wakiuzunguka mstari. Hata Sponji aliuzunguka. Chumba kile alikichora mwenyewe kwa chaki yake, na akaona haya kukikanyaga.

Alipoamka, mkewe Sponji akasimama katikati ya mchoro, mikono kiunoni, akagawa vitanda. "Mama, hapo hapo ulipo. Mimi hiki kingine cha chini. Nyie wasichana, juu."

"Na mimi?" Sponji akauliza.

Mkewe akamgeukia kama mtu aliyeombwa chumvi. "Wewe ulale chumba kimoja na mama mkwe wako? Na ile kaptula yako, na kule kukoroma kwako? Huoni hata aibu, baba watoto?"

Jambo hilo Sponji hakuwa amelifikiria. Alikuwa ameweka akili yake yote kwenye kumtoa mama mkwe, hakujiuliza ingekuwaje akiingia. Na neno lenyewe lilikuwa kweli, mkwe na mama mkwe hawalali chumba kimoja. Hakuna asiyejua.

"Basi mmoja wenu abaki, nitamlipia chumba kingine mwakani. Mimi nitalala hata nje ya chumba," akawageukia mabinti, akijaribu kutabasamu.

"Baba, nimeshawaambia darasa zima," akasema binti mkubwa. "Nirudi niwaambie nini?"

"Uwaambie baba yako amekwenda."

"Nani atanionea wivu kwa hilo?"

Kitinda mimba, ambaye Sponji alimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikaburura, hakuinua macho. "Wewe si umeshaingia melini, baba? Ulishona viti. Sisi hatujawahi."

"Nilikuwa nimepiga magoti, mwanangu."

"Ndiyo, lakini ndani."

Wakacheka wote watatu, mkewe na mabinti, si kwa ubaya, ndivyo walivyozoea. Sponji naye akacheka. Halafu akasema kwamba atakwenda kumweleza mama ukweli, kwamba chumba ni cha wanne na nafasi yake haikuwepo tangu mwanzo. Maana wakati huo mama mkwe alikuwa amerudi chumbani kwake.

"Nenda," mkewe akamwambia. "Mlango ule pale. Mwambie ulimkaribisha kwa uongo."

Sponji akaenda. Akasimama mlangoni. Akagonga.

"Karibu, mwanangu," ikatoka ile sauti ya chini.

"Nilitaka kujua tu, mama, kama taa yako inawaka vizuri."

"Inawaka, baba. Mungu akuweke."

Haikupita wiki mtaa mzima ukajua kwamba Sponji amempa mama mkwe nafasi yake. Mama mwenyewe ndiye aliyeisambaza habari hiyo, dukani, kwenye bomba la maji, kila alipopita. Mwenye duka akamshika Sponji mkono kwa mikono miwili. "Wanaume kama wewe wamekwisha, ndugu yangu." Kinyozi akamnyoa bure kile kidogo alichokuwa nacho, akikataa hela. "Ningekuwa mimi, mzee, yule bibi angebaki akilinda kuku." Mtu ameporwa, halafu anapigiwa makofi kwa ukarimu wake! Akitaka kukana, atakana nini, kwamba yeye si mwema?

Mkewe akamwagiza amshonee mama mto wa kukalia, asije akaumia mgongo huko. Akaushona. Alitumia sponji nzuri, ile ya wateja wakubwa, na kitambaa cha bluu kilichobaki kwenye kazi ya daktari mmoja. Mama mkwe akaubonyeza kwa kidole gumba. "Mgumu kidogo," akasema, "lakini si kitu. Ipo siku utaweza."

Bado Sponji alikuwa na tumaini moja, nalo hakumwambia mtu. Jina lake liko kwa wakala. Lisipobadilishwa mpaka wiki ya mwisho, basi limebaki, na sheria za meli haziulizi mkwe wala mama mkwe. Angelala hata ukumbini, kwenye kiti. Akafunga karakana mchana, akapanda zile ngazi, akasema anataka majina yabaki kama yalivyo.

Wakala akabofya mashine yake. "Yabaki? Jina lako mbona halimo, baba? Mama watoto alishakuja, akabadilisha. Akaleta na picha ya mama yake."

"Alikuja lini?"

"Kitambo. Siku gani, sikumbuki. Ilikuwa inanyesha."

Mwaka ule, siku ambayo haikunyesha ndiyo ungeikumbuka.

"Kwani kuna tatizo?" wakala akauliza, huku mteja mwingine akiwa ameshaingia. "Aliniambia wewe mwenyewe ndiye uliyeamua."

"Ndiyo," akasema Sponji. "Mimi."

Akarudi kwa miguu, katikati ya madimbwi, bila kuyakwepa. Alijaribu kupanga siku kichwani. Siku aliyolipa, siku alipomkaribisha mama, siku ya chaki. Kila akizipanga, anafika kwenye ile asubuhi ya kitambaa cha kichwani, mwambie na mama basi, atakataa, unamjua. Hapo anakwama, kama sindano iliyogonga mbao.

Siku ya safari aliwabebea mizigo. Walipofika kwenye ngazi ya meli, mlinzi akamzuia kwa mkono. "Wapagazi mwisho hapo."

"Huyo ni baba yetu!" mabinti wakapiga kelele, wakijishika mbavu kwa kucheka.

"Basi baba mwisho hapo."

Mama mkwe akapita mbele, mto wa bluu kwapani, akakanyaga ule ubao juu ya maji bila kutazama chini. Mabinti wakamfuata. Mkewe akabaki nyuma kidogo, akirekebisha mkoba wake begani, na Sponji akaona nafasi yake ndiyo hiyo. Akamuuliza, taratibu, asisikie mlinzi. Mkewe akamtazama, akaonekana kama atajibu. Halafu akasema, "Usisahau kufunga bomba la jikoni, linavuja," akapanda.

Waliporudi, weusi kwa jua na wamenenepa, akamuuliza tena. Mkewe akamwambia chakula cha melini kilivyokuwa. Akamuuliza mwaka wa soko kuungua, akaambiwa watu wana shida zao sasa hivi. Mama mkwe alifariki baadaye, kwa amani, katika kile chumba cha karibu na jiko, na mabinti wakaolewa, mume na mke wakabaki wawili tu mezani. Sponji alizeeka, macho yakawa hayatungi uzi tena. Mara moja moja alimuuliza mkewe, bila hasira, kama mtu anayeuliza saa. Ulikwenda kubadilisha jina langu kabla mama hajasema atakwenda, mke wangu, au baada?