Nilimwekea mama cabro boma lote, sasa kaburi la mzee linachoma

Wakuu, hamjambo. Hii ni ya nyumbani kwetu Rongo na sijatia chumvi hata kidogo, maana aliyekosea ni mimi mwenyewe.

Boma letu zamani lilikuwa nje ya mji. Miwa huku, miwa kule. Mchana upepo ulikuwa unapita kwenye ile miwa kama mtu anayepepeta mchele, na usingizi unakuchukua bila kukuuliza.

Mzee alipotuacha tulimzika hapo hapo bomani, chini ya siala. Kwa wasioujua, huo ni mti wetu wa maua ya njano.

Kila saa tisa mama alikuwa anabeba kiti, anakaa kando ya kaburi, anampa mzee habari za siku. Nani ameolewa. Ng'ombe gani amekataa kukamuliwa. Maua yanamwangukia kichwani, wala hayapangusi.

Nikifunga macho bado namwona.

Basi mji ukaja. Miwa iking'olewa, rentals za mabati zinaota. Lami ikafika karibu na geti. Halafu mvua moja ikanyesha, mama akateleza kwenye matope akateguka mguu.

Mimi nafanya kazi Homa Bay. Nikaja na mafundi, najifanya mtoto mwenye akili. Cabro boma lote, yale matofali ya saruji ya kutandaza chini. Kaburi la mzee tiles nyeusi zinazong'aa. Siala nikaikata, eti mizizi itainua cabro na maua yanachafua.

Majirani wakapiga picha. Kichwa kilinivimba, siwafichi.

Mama alisema asante tu.

January nikafika nyumbani saa tisa bila kupiga simu. Joto lilikuwa linapanda kutoka chini, linapita kwenye soli za viatu. Mabati ya majirani yanameremeta, hewa inacheza, boma lote linaonekana kama liko chini ya maji.

Ndani ya hiyo hewa nikamwona mama na karai. Anamwagia kaburi maji. Yanakauka kabla hajarudi kwenye tanki.

"Mama, unafanya nini?"

"Wuoda, mtoto wangu, si baba yako anaungua. Hata kiti siwezi weka hapa. Sasa nitakuwa naongea na yeye saa ngapi?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana."

Wakuu, nililia kama mtoto, na mama akanishikia karai la maji ninawe uso.

Kesho yake niling'oa tiles na cabro yote kuzunguka kaburi, kwa mikono yangu. Upande huo nikaacha njia moja tu ya kwenda jikoni, asiteleze tena. Nikapanda siala upya.

Nilichojifunza ni hiki. Jua ni lile lile la utotoni. Tulichobadilisha ni mahali linapoangukia. Miwa ya jirani sikuwa na uwezo nayo, lakini kivuli cha kwetu nilikiondoa mwenyewe, tena kwa mapenzi.

Siala sasa inanifika gotini. Saa tisa mama anatoka na mwavuli, anaufunika mti, yeye anakaa juani akiongea na mzee.

Wa Oyugis, Migori na kwingineko, mwageni maoni. Anayejua mti wa kivuli unaokua haraka kuliko siala aniambie leo, maana mama amezeeka.