Albamu ya Kuondoa Matanga

Mume wangu Husni ana kibanda hapa Nyamugari, Gitega. Kazi yake ni kuwawekea watu muziki kwenye simu na kwenye flashi. Kazi rahisi, utasema. Basi njoo ukae naye kidogo. Mteja anataka wimbo mmoja tu, ule unaopigwa kila mahali wiki hii, na Husni anaanza kumhoji: "Utausikiliza wapi? Unapika? Unalima? We peke yako ama na watu?" Halafu hampi huo wimbo peke yake, anampa albamu nzima. Wimbo mmoja, anasema, ni jirani anayepita barabarani. Albamu ni mgeni anayelala kwako, asubuhi ndipo unamjua. Mi nauza sambusa pembeni yake, na kila siku namwona akibishana na watu wazima kama vile wamekuja kumwibia.

Lakini wanarudi, hilo lazima niseme. Iko mwalimu mmoja alikuwa hapati usingizi. Husni akampa albamu ya inanga, mzee na kinanda chake cha nyuzi tu, anaimba kwa kunong'ona. Haikupita wiki mwalimu akamleta na mkewe. Madereva wa malori anawapa magitaa ya zamani ya Kongo, zile albamu ambazo wimbo mmoja unamaliza kilima kizima. Msichana aliyeachwa na mchumba anapewa kwaya ya vijana, si nyimbo za mapenzi, maana kidonda hakipakwi pilipili.

Mimi tu ndiye hajawahi kunichagulia kitu. Mi niko na taarabu yangu ya zamani, kikundi cha pwani, fidla na akodiani na mama mmoja anayeimba kama anamkaripia jirani. Naisikiliza nikikanda unga. Husni anaiita kelele za jikoni.

Bon. Mwezi wa nane akaja Happy, binti anayesuka nywele kwenye saluni ya hapa jirani. Kwao ni Mwakiro, huko Muyinga. Wazazi wake ni wale waliokulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania wakarudi kulima. Baba yake, Nazario, alifariki mwaka jana, na Jumamosi ile ilikuwa kuganduka, sherehe ya kuondoa matanga. Ikishapita hiyo, nyumba inaruhusiwa tena muziki na vicheko.

"Shida ni mama," Happy akasema. "Tangu tumzike baba, alitoa betri kwenye redio. Anasema matanga yaishe kwa wengine, kwake yeye muziki basi. Redio anampa baba mdogo Elikana aondoke nayo siku hiyohiyo." Akainamisha kichwa. "Nyumba yetu haikuwa inanyamaza, Mama Rachid. Sasa nikienda kumsalimu nasikia saa ya ukutani. Naogopa atakaa hivyo mpaka afe. Nipeni albamu ya kumrudisha."

Husni akamuuliza baba alikuwa anasikiliza nini.

"Kwaya za kambini, asubuhi mpaka jioni."

"Hizo usimpelekee. Utamwekea marehemu mezani. Na mama, yeye anapenda nini?"

"Sijui," Happy akasema. "Alikuwa anasikiliza alichoweka baba."

Husni alikosa raha siku nzima. Jioni akaniambia tunakwenda Mwakiro wote wawili, maana mgonjwa lazima umwone kwanza. Nikamuuliza sambusa nani atauza. Akasema sambusa zipumzike. Huyo ndiye mtu ninayeishi naye.

Tulipanda basi hadi Muyinga mjini, kisha pikipiki. Sherehe ilikuwa nzuri. Wazee walisema maneno yao, wenyeji wakanywa pombe yao ya ndizi, sisi tukapewa Fanta. Hotuba zilipoisha, Husni akaingia sebuleni alikokaa Adventina, mama yake Happy, na wanawake wenzake. Akaomba ile redio, akaitia betri alizokuja nazo, akaweka albamu yake ya inanga, polepole. Alikuwa na uhakika. Mi namjua akiwa na uhakika, anakuna ndevu.

Wimbo wa kwanza haukufika katikati. "Samahani, Baba Rachid," Adventina akasema, kwa adabu kabisa. "Zima. Naona kama tunazika tena." Akainuka, akaenda jikoni uani.

"Si niliwaambia hataki muziki?" akasema Elikana, mdogo wake marehemu. Akamrudishia Husni betri zake na flashi yake, akabeba redio, akaenda kuifunga kwenye baiskeli. Husni akabaki na vitu vyake mkononi. Nilimhurumia, lakini pia nilikasirika. Wanaume wawili wanamwamulia mwanamke mambo ya muziki ndani ya nyumba yake mwenyewe. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Nikamfuata jikoni. Alikuwa anaosha sahani ambazo zilikuwa safi tayari. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta.

"Dada Adventina," nikamwambia, "mi ni mtu wa mdomo, utanisamehe. We mwenyewe unapenda muziki gani?"

"Hilo hajaniuliza mtu."

"Hata marehemu?"

"Nazario alikuwa mtu mwema. Ila redio ilikuwa yake." Akachovya sahani nyingine. "Kule kambini tulipakana na mama mmoja Mwislamu. Jioni alikuwa anapiga taarabu. Mimi mtu wa kwaya, ningeanzaje kusema napenda taarabu? Nilikuwa naenda kuanua nguo karibu na ua wake. Hata zikiwa mbichi, naanua."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Akanitazama, kisha naye akacheka, kidogo tu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

Nikatoa simu yangu, ina unga mpaka kwenye vitufe, nikaweka taarabu yangu. Fidla ilipoingia, mikono ya Adventina ilisimama ndani ya maji. Wimbo wa pili mabega yakaanza kumtii yule mama mwimbaji. Wa tatu ni wa taratibu, na hapo Happy alikuwa amefika mlangoni, macho yamemtoka.

"Mama Rachid, ruka huo," akaninong'oneza. "Weka wa kuchangamsha."

"Usiruke," mama yake akasema. "Uache uende mpaka mwisho, na mwingine, na mwingine."

Nyuma ya Happy nikamwona Husni, mdomo wazi. Nilimtazama tu, akajua nakumbuka zile kelele za jikoni.

Albamu ilipoisha, Adventina akafuta mikono kwenye kitenge, akatoka uani. Elikana alikuwa anaaga watu, redio imekazwa kwa mpira nyuma ya baiskeli.

"Elikana, shusha hiyo redio."

"Shemeji, si ulisema mwenyewe..."

"Nilisema. Shusha."

Akafungua fundo la kitenge chake, akampa Happy hela akanunue betri dukani. Husni alikuwa na zake mfukoni, lakini nilimkanyaga mguu akakaa kimya. Happy akashuka kilima mbio, analia na kucheka pamoja. Na mi nililia, sioni aibu kusema.

Adventina akaja akasimama karibu yangu, akashusha sauti kama bado kuna mtu wa kumsikia.

"Hao waimbaji," akaniuliza, "wana albamu nyingine?"

"Ziko, dada," nikamwambia. "Na hii wala si ile nzuri kuliko zote."