Nahau za Wageni na Ukimya wa Mgori

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni jipya na viatu vilivyonibana, nikafika kwenye ofisi ya mradi pale Singida mjini kabla mlinzi hajamaliza kufagia. Baba yangu alikuwa akiuza vitambaa katika duka lake sokoni, ukoo wake ulitoka pwani zamani. Mama alikuwa Mnyaturu wa Mgori. Kwa hiyo nilikua na Kiswahili cha dukani, Kinyaturu cha jikoni na Kiingereza cha shuleni, nikadhani ukalimani nimezaliwa nao. Nawaambia ninyi vijana mnaosoma haya: kuwa na lugha tatu hakukufanyi mkalimani, kama vile kuwa na sufuria tatu hakukufanyi mpishi.

Mradi wetu ulikuwa wa maendeleo ya vijijini: kilimo, nyuki na maji. Wataalamu wengi walikuwa wageni wasiojua hata kuomba chumvi kwa Kiswahili. Mkubwa wangu alikuwa Mkalimani Mkuu, mwalimu mstaafu mwenye ulimi wa pilipili. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha hakunipa hata kiti.

"Mgeni akisema mvua inanyesha paka na mbwa, utawaambia nini wakulima?"

"Nitasema mvua ni kubwa sana, mwalimu."

"Vizuri. Na msemo huo umetoka wapi?"

Nikamsimulia kwa madaha kwamba zamani Uingereza paka na mbwa walilala juu ya mapaa ya nyasi, mvua ikija wanateleza na kuanguka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ni hadithi ya kulazia watoto," akasema. "Hakuna anayejua kwa hakika msemo ule umetoka wapi. Asili unayoijua itakusaidia. Usiyoijua, sema huijui, wala usiipambe."

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kazi. Ukalimani ni wa mdomo, tafsiri ni ya maandishi. Sisi tulifanya ukalimani fuatizi, yaani msemaji anasema kidogo, ananyamaza, nawe unayavusha aliyoyasema. Mgeni akisema "mimi nimefurahi," nawe unasema "mimi nimefurahi," hata kama umeamka na maumivu ya jino. "Mimi" yako si yako. Ukitaka kusema neno lako mwenyewe, lazima utangaze: "Mkalimani anaomba kusema." Kisha unawaambia pande zote mbili neno lile lile, asibaki mtu gizani.

"Ruhusa hiyo ni kama kisu cha jikoni," alinionya Mkalimani Mkuu. "Kipo, lakini hutembei nacho mkononi."

Kuhusu nahau, alikuwa na kanuni moja: usivushe picha, vusha kazi ambayo picha inafanya. Ndiyo maana tulitafuta asili zake. Waingereza wanasema kung'ata risasi, na inasimuliwa kwamba askari aliyekuwa akipasuliwa bila dawa ya usingizi alipewa risasi aiume kwa meno. Ukishajua hivyo, huhangaiki na bunduki. Unasema jikaze kisabuni, na mtu wa Singida amekuelewa. Wanasema kumtoa paka mfukoni, yaani kufichua siri; sisi tunamwaga mtama penye kuku wengi. Wanasema kufungua jani jipya, yaani kuanza upya, na jani hilo ni ukurasa wa kitabu, si la mti. Nimemsikia mtaalamu mmoja wa kilimo akipigiwa makofi kwa jani lile, wakulima wakidhani amewaletea mbegu. Mkalimani wake siku hiyo sikuwa mimi, namshukuru Mungu.

Nilipelekwa kwanza Iguguno, chini ya Mtaalamu wa Alizeti. Yeye alipenda kuvunja barafu kabla ya kila mkutano. Asili yake ni meli zinazopasua maji yaliyoganda ili nyingine zipite, na kwa watu waliozoea kuona barafu ndani ya friji tu, nilisema, "Tuzungumze kwanza, tuzoeane." Alipowaambia wasiweke mayai yote katika kapu moja, mzee mmoja alinikatiza kabla sijafungua mdomo. Alikuwa ameona mikono ya mgeni ilivyokuwa ikicheza. "Anasema tulime na mahindi," akasema, na kweli.

Kisha nikaenda Rungwa na Afisa Nyuki. Yule alichukia watu wa kupigapiga kichaka, yaani wasiosema jambo moja kwa moja, msemo uliotoka kwa wawindaji wa ndege waliozunguka vichaka wakivipiga huku ndege mwenyewe hajakamatwa. Warina asali waliupenda, wakautumia wao kwa wao mpaka tunaondoka. Kiswahili chetu kina msemo wa kuzunguka mbuyu, lakini mbele ya maafisa niliuepuka, kwa sababu kwenye masikio ya wengi unanuka rushwa. Mkalimani hupima neno na mahali linapotua.

Sasa nije Mgori, nyumbani kwa mama. Kiangazi kilipokaza, wanawake wa kitongoji kile walichimba mchanga korongoni wakasubiri maji yajikusanye, wakayachota kwa kata. Mradi ulileta mtambo wa kuchimba kisima. Kulikuwa na mtambo mmoja tu na vijiji vingi vikiusubiri. Wapimaji walikuwa wamepiga kigingi katika shamba la mjane mmoja, Bibi Monika, na ilibidi kijiji kikubali kuitoa ardhi ile. Nilikwenda na Mhandisi, mgeni mwenye haraka lakini mwenye moyo, pamoja na Mratibu wa mradi, Mtanzania mwenzangu. Mkataba wangu ulikuwa umekwisha, na mpya ulingoja sahihi ya Mratibu huyo. Njiani alinigeukia ndani ya gari.

"Wewe ni bomba tu," akasema. "Bomba halitoi maoni juu ya maji."

Mkutanoni Mhandisi alieleza vizuri, akamaliza kwa kusema mpira sasa uko upande wao. Msemo huo ni wa tenisi: ukishaupiga mpira ukavuka wavu, anayefuata kucheza ni mwenzako. Nikasema kwa Kinyaturu, "Sisi tumemaliza, neno sasa ni lenu." Hakuna aliyejibu. Wazee walitazama chini, wanawake wakatazama wazee, Bibi Monika akafunga upya kanga yake. Kisha wakaanza kuinuka mmoja mmoja.

Mimi nilielewa. Kwa watu wale, jambo la ardhi halijibiwi siku lilipoletwa. Anayejibu papo hapo amelidharau jambo na aliyelileta. Unanyamaza, unalala nalo, asubuhi unalijibu. Lakini Mhandisi alikunja ramani yake.

"Wamekataa," aliniambia kwa Kiingereza. "Waambie ninang'oa plagi. Mtambo unakwenda kijiji kingine leo."

Kung'oa plagi ni kukatisha jambo. Wapo wanaosema msemo huu ulianzia kwenye vyoo vya zamani vya Ulaya, ambavyo ukivuta kizibo maji yote yanaondoka. Nilikuwa na neno lake tayari ulimini, na kwa sheria ya kazi nilipaswa kulitoa. Nikawaona wanawake wanaoitana dada na mama yangu wakiokota ndoo zao. Nikamwona Mratibu ananitazama.

"Mkalimani anaomba kusema," nikasema.

Mratibu akatikisa kichwa kunikataza. Nikaendelea. Nilimwambia Mhandisi kwa Kiingereza kwamba ule ukimya si kukataa wala kukubali. Ni heshima, na jibu huja asubuhi. Kisha nikawageukia watu, nikawaambia kwa Kinyaturu nilichomwambia, na kwamba yeye alikuwa anaondoka na mtambo. Mzee mmoja akashangaa. "Anaondoka? Si tumempokea?"

Mhandisi akauliza, "Asubuhi saa ngapi?"

Asubuhi aliyesimama ni Bibi Monika mwenyewe.

"Pale mlipopiga kigingi amelala mume wangu na wanangu wawili," alisema. "Makaburi yamesawazika, mgeni hawezi kuyaona, simlaumu. Pale hapana. Lakini shamba langu lina upande wa pili, kule mtelemkoni. Pimeni kule. Mkipata maji, ni ya wote."

Wakapima, maji yakapatikana. Nilivusha maneno ya Bibi Monika neno kwa neno, machozi yakinitoka, na "mimi" yake ikawa nzito kinywani mwangu kuliko zote nilizowahi kubeba.

Mratibu hakunisamehe. "Bomba limepasuka," aliwaambia ofisini, na sahihi hakuweka. Nilikaa nyumbani kwa baba msimu mzima nikipima vitambaa. Nilikasirika, na nikikumbuka nakasirika mpaka leo. Mkalimani Mkuu alikuja dukani akaniuliza swali moja: "Uliwaambia pande zote?" Nikasema zote. "Basi hukukosea," akasema, akaenda kunitetea. Mhandisi naye aligoma kwenda kijijini bila mimi. Nikarudishwa, nikafanya kazi hiyo mpaka nywele zikawa nyeupe.

Sasa nimestaafu. Wajukuu wananionyesha simu inayotafsiri, na inajua nahau nyingi, sina ugomvi nayo. Ijaribuni, lakini muiulize pia wazee wakinyamaza wanasema nini. Ufundi wa kazi hii ni kujua maneno yametoka wapi, na kujua kimya nacho kimetoka wapi.

Juzi nilikwenda Mgori kwenye msiba wa binamu yangu. Kisimani msichana mmoja aliyekuwa akijaza ndoo aliniamkia, akasema amesikia kwamba nilipoteza kazi kwa kusema siku ile.

"Kwa nini hukunyamaza tu, bibi?"

"Ningenyamaza, mjukuu wangu, ningekuwa mkalimani safi asiye na doa," nikamjibu, "na wewe saa hizi ungekuwa korongoni, unachimba mchanga."